Mwanga wa Kisiwani na Kadi ya Grafiki: Kompyuta Gani Inamfaa Mpiga Picha?

Anayepiga picha Kisiwani, hapa wilayani Same, anafanya kazi katika mianga miwili isiyofanana hata kidogo. Upande wa chini ni tambarare inayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Huko jua huwaka bila kizuizi, kamera inatulia kwenye ISO 100 au 200, na picha inatoka safi. Upande wa juu, Milima ya Upare ya Kusini inapanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462, na ukiingia chini ya miti ya Msitu wa Chome saa sita mchana bado unatafuta mwanga. Kamera inapanda ISO 3200, inapanda 6400, na picha inarudi imejaa chenga.

Naanza na mwanga kwa sababu ndio unaoamua kompyuta ya kununua. Wapiga picha wengi, hasa vijana wanaoanza studio, huingia dukani na swali moja: ina kadi? Muuzaji naye anajua kwamba neno hilo linapandisha bei, basi analitumia. Lakini kadi ya grafiki ya kujitegemea haifanyi kila kazi ya picha iwe nyepesi. Inasaidia kazi chache, nyingine haizigusi kabisa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa wapiga picha wengi wa Kisiwani na Same, wanaoishi kwa harusi, kipaimara, mahafali, ubatizo na picha za pasipoti, grafiki ya ndani ya prosesa inatosha, mradi fedha iliyookolewa iende kwenye RAM, kwenye SSD na kwenye kioo. Anayehitaji kadi kweli ni yule ambaye picha zake nyingi hutoka gizani: msituni, hifadhini alfajiri na jioni, au ukumbini usiku.

Tuone kwanza tofauti yenyewe. Grafiki ya ndani imo ndani ya prosesa, haina kumbukumbu yake, hutumia RAM ileile inayotumiwa na programu nyingine zote. Kadi ya kujitegemea ni chipu ya pili yenye kumbukumbu yake, GB 2, 4, 6 au 8, iliyochomelewa kwenye ubao wa kompyuta. Wapare tunayo ndiva, bwawa letu la jadi la maji ya kumwagilia, na mfano wake unafaa hapa. Grafiki ya ndani na prosesa ni mashamba mawili yanayokunywa kutoka ndiva moja. Ndiva ikiwa ndogo, yote mawili yanakauka, hata kama udongo wake ni mzuri. Ikipanuliwa, yote mawili yanastawi. Na kuna la pili ambalo wengi hawalijui: mifereji inayotoka kwenye ndiva. RAM ikiwa kipande kimoja cha GB 16, maji yanapita mfereji mmoja. Ikiwa vipande viwili vya GB 8, yanapita miwili, na grafiki ya ndani inapata karibu mara mbili ya kile ilichokuwa inapata. Intel wenyewe wanalikubali hili kwa namna ya pekee: grafiki yao ya Iris Xe, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, ikikuta mfereji mmoja tu hujitambulisha kwenye Windows kama Intel UHD ya kawaida. Chipu ni ileile, uwezo umepungua. Wapo watu wanaoichukia kompyuta yao bure, kumbe inakosa kipande kimoja cha RAM ambacho fundi angekiweka kwa dakika kumi.

Sasa tuifuate siku ya kazi ya mpiga picha wa sherehe. Umerudi kutoka kwenye mahafali na picha 600 za RAW. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ya MB 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo una karibu GB 17 za kuhamisha kutoka kwenye kadi ya kamera. Hapo grafiki haina kazi. Kinachofanya kazi ni kisomeo cha kadi na diski. Kama bado unatumia diski kuu ya zamani inayozunguka, hapo ndipo usiku wako unapoishia, na kadi ya grafiki ya mamilioni isingekuokoa. SSD ya SATA husoma kama MB 500 kwa sekunde, ile ya NVMe hufika 3,000 na zaidi, wakati diski inayozunguka huhangaika kwenye mia moja na kitu.

Picha zikishaingia, Lightroom hutengeneza vionjo vya kila picha ili uweze kuzipitia. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya prosesa. Kisha unachagua: hii amefumba macho, hii imetikisika, hii ndiyo yenyewe. Hapo unahitaji diski ya kasi na RAM. Halafu unaanza kuhariri: kuinua vivuli, kushusha mwanga wa shela nyeupe, kurekebisha rangi ya ngozi. Hapa grafiki inaingia kazini. Toka mwaka 2019 Lightroom Classic hutumia grafiki kuchakata picha unapovuta vitelezi, na toka 2022 huitumia pia wakati wa kutoa picha za mwisho. Lakini kwa picha ya megapikseli 24 kwenye kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080, grafiki ya ndani ya miaka ya karibuni hufuata mkono wako bila kukuchosha. Kusuasua kunakuja ukiwa na kioo cha 4K, maana pikseli za kuonyesha zinaongezeka mara nne, au kamera ya megapikseli 45 na kuendelea.

Ukihamia Photoshop, hesabu inabadilika, na inaelemea RAM. Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa kwa biti 16 inachukua kama MB 144 kwa tabaka moja kamili: pikseli milioni 24, kila moja baiti sita. Weka matabaka kumi, ongeza historia ya hatua zako, fungua picha tatu kwa pamoja, na GB 8 za RAM zimekwisha kabla hujafika mbali. Kompyuta inaanza kuandika kwenye diski kile kilichokosa nafasi, na wewe unasema grafiki ni mbovu. Vichujio kama Liquify na ukungu wa usuli hutumia grafiki, ni kweli, lakini vinatumika kwa sekunde chache katika kazi ya saa nzima. Kwa hiyo GB 16 za RAM nazihesabu kuwa kiwango cha chini kwa anayelipwa kwa kazi hii. Mwenye GB 8 na fedha kidogo ya ziada, akaongeze RAM kabla ya kuwaza kitu kingine.

Kuhusu picha za pasipoti, kukata, kupanga kwenye karatasi na kuchapa, kompyuta ya miaka minane iliyopita inazimudu. Sitapoteza maneno hapo.

Basi kadi inahitajika wapi? Turudi gizani. Aprili 2023 Adobe waliweka ndani ya Lightroom na Camera Raw kifaa kinachoitwa Denoise, kinachosafisha chenga kwenye faili za RAW kwa akili unde. Kwa anayepiga picha msituni, hiki kimebadilisha kazi yenyewe. Mfikirie yule ndege mdogo mwenye mgongo wa kijani na pete nyeupe kuzunguka jicho, ambaye duniani kote anapatikana katika Milima ya Upare ya Kusini peke yake. Anaruka tawi hadi tawi, ndani ya kivuli, na huwezi kumpiga kwa spidi ya polepole. Unalazimika kupandisha ISO. Zamani picha ile ungeitupa, au ungelainisha chenga mpaka manyoya nayo yapotee. Denoise inaondoa chenga na kubakiza manyoya. Ndivyo ilivyo pia kwa mbwa mwitu wa Mkomazi anayewinda jua likichomoza, na kwa wanyama wanaoshuka kunywa Bwawa la Dindira jua likizama.

Kazi hii hubebwa karibu yote na grafiki. Kwenye grafiki ya ndani ya zamani, kama Intel UHD 620 iliyomo katika laptopu nyingi za ofisi za mwaka 2018 na 2019, picha moja inaweza kuchukua dakika nyingi, na wakati huo feni inalia na hakuna kingine unachoweza kufanya kwa raha. Kwenye kadi ya NVIDIA ya familia ya RTX, kazi hiyohiyo ni ya sekunde kadhaa hadi dakika moja hivi. Tuchukulie umerudi kutoka hifadhini na picha 200 zinazohitaji kusafishwa. Kwa dakika tano kila moja, utangoja zaidi ya saa 16. Kwa sekunde 40 kila moja, ni saa mbili na robo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumpelekea mgeni picha zake kabla hajapanda ndege na kumwambia utamtumia. Kwa muongoza watalii anayeuza picha, tofauti hiyo ni fedha mkononi.

Lakini zingatia neno RTX. Kadi zote hazilingani kwa kazi hii. RTX, zilizoanza mwaka 2018, zina sehemu maalumu za hesabu za akili unde ambazo kadi za GTX na kadi za zamani za Quadro P hazina. Laptopu yenye GTX 1650 ya GB 4 ni nzuri kwa uhariri wa kawaida, na kwenye Denoise inaizidi grafiki ya ndani ya zamani, ila haifikii RTX 3050. Kwa hiyo kama sababu yako ya kununua kadi ni chenga, anzia RTX. Kumbukumbu ya kadi isipungue GB 4, na ukipata 6 au 8 ni bora zaidi, kwa kuwa Adobe wanapendekeza GB 8 kwa mtu anayetaka grafiki ifanye kazi kwa ukamilifu. Kumbukumbu ya kadi haiongezwi baadaye kama RAM. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Kuna kadi nyingine ninazowasihi wasomaji wasizilipie: MX130, MX150, MX230, MX250 za GB 2. Zilikuwa na maana zilipotoka. Leo grafiki ya ndani nzuri kama Iris Xe, au Radeon 680M iliyomo katika prosesa za Ryzen za mwaka 2022, inazikaribia au inazipita, na haili umeme wa chipu ya pili. Muuzaji atakuonyesha kibandiko cha kijani cha NVIDIA, naye hatakuwa amesema uongo. Ila unalipia joto bila kupata kazi.

Joto lenyewe ni jambo zito kwetu kuliko kwa wanaoandika ushauri huu Ulaya au Marekani. Kisiwani iko chini ya milima, upande wa tambarare, na mwezi Januari na Februari chumba chenye bati kinawaka. Kompyuta yenye kadi ina vyanzo viwili vya joto vinavyotegemea mabomba yaleyale ya kupoza. Chumba kikiwa na nyuzi 33, chipu zikifika kikomo zinajipunguza kasi zenyewe, na ile nguvu uliyolipia inabaki kwenye karatasi ya matangazo. Ongeza vumbi. Vumbi jekundu la tambarare huingia kila mahali, na feni mbili zinalivuta ndani kwa bidii maradufu. Mwenye kompyuta ya kadi lazima awe na ratiba ya kuipeleka kwa fundi ifunguliwe, feni zisafishwe na grisi ya joto ibadilishwe. Usiiweke juu ya kitanda wala kitambaa cha meza. Iinue nyuma kwa vipande viwili vya mbao, hewa ipite. Na kadi ikifa, kwa kuwa imechomelewa kwenye ubao, matengenezo yake mara nyingi ni kubadili ubao mzima.

Halafu umeme. Chaja ya kompyuta yenye grafiki ya ndani ni ya wati 45 au 65. Ya kadi ni ya wati 130, 180, hata 230. Kwa mwenye LUKU isiyokatika, tofauti ni uniti chache kwa mwezi. Mashine inayokula wati 150 kwa saa tano inamaliza robo tatu ya uniti, na inayokula 30 haifikishi hata robo. Hilo linavumilika. Shida iko kwa anayeishi juu milimani kwa sola, au anayesafiri na kompyuta. Betri ya asidi ya 12V yenye 100Ah hubeba kama wati-saa 1,200, na ukiitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia, zikipungua kidogo ndani ya inveta. Kompyuta ya wati 30 itakupa saa kumi na saba hivi. Ya wati 150 itakupa saa tatu na dakika chache, na bado hujawasha taa wala kuchaji simu ya mtu.

Tena, wengi hawaambiwi kwamba kadi haitoi nguvu yake kamili ukiwa kwenye betri ya kompyuta. Karibu laptopu zote za kadi hupunguza kasi ukichomoa chaja, maana betri haiwezi kutoa wati zote hizo. Kwa hiyo kama unahariri garini, kambini, au umeme unakatika mara kwa mara katika mtaa wenu, umenunua nguvu ambayo hutaitumia wakati ule unaoihitaji. Kompyuta ya grafiki ya ndani inayochajiwa kwa USB-C, kwa upande mwingine, unaweza kuichaji kwa chaja ya gari ya wati 65 moja kwa moja kutoka kwenye 12V, bila inveta. Kwa waongoza watalii wanaoshinda Mkomazi ndani ya gari, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala: hariri kawaida ukiwa njiani, na zile chache zenye chenga zisubiri zikiwa zimewekewa alama mpaka urudi kwenye umeme, uziache zisafishwe usiku umelala.

Njia hiyo ya kuziacha usiku naisisitiza, kwa sababu inawafaa wengi wasio na fedha ya kadi. Kama picha zako za gizani ni kumi na tano katika harusi nzima, hata grafiki ya ndani ya kadiri, kwa dakika tano kila moja, itazimaliza kwa saa moja na robo. Zichague zote, agiza Denoise kwa pamoja, nenda ukale. Kununua kadi kwa ajili ya picha kumi na tano kwa mwezi ni kumpa muuzaji fedha ambayo ingelipa ada ya mtoto.

Ipo njia ya tatu nayo. Mwezi Novemba 2020 Apple walitoa MacBook Air yenye chipu ya M1. Grafiki yake ni ya ndani, inatumia kumbukumbu moja na prosesa, lakini imeundwa vizuri kiasi kwamba inahariri RAW kwa wepesi wa kushangaza na inaimudu Denoise kwa muda unaovumilika. Haina feni kabisa. Kwa mazingira ya vumbi hilo ni jambo kubwa, na chaja yake ni ya wati 30 tu. Kasoro zake pia uzijue: kumbukumbu na diski zimechomelewa, huwezi kuongeza chochote baada ya kununua, na likiharibika la ndani utasafiri mbali kumtafuta fundi wa kulishika. Ukiipata ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 16 na betri nzima, ifikirie kwa makini. Ya GB 8 itakubana mapema.

Nimegusa mtumba, na ndiko wengi wetu tunakonunua. Kuna mambo ninayomwomba msomaji ayashike. La kwanza ni Windows. Microsoft walikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea. Laptopu ya kizazi cha sita au cha saba, hata iwe na kadi nzuri namna gani, inauzwa rahisi kwa sababu hiyo. Soma tarakimu za prosesa: i7-7700HQ ni ya saba, i5-8250U ni ya nane, i5-1135G7 ni ya kumi na moja.

La pili ni lugha ya wauzaji. Utaambiwa mashine ina grafiki GB 8, kumbe hiyo ni RAM ambayo Windows inairuhusu grafiki ya ndani kuazima, na kwa kawaida ni nusu ya RAM yote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, bofya GPU. Utaona mistari miwili: kumbukumbu maalumu ya kadi na kumbukumbu ya kushirikiana. Kama mashine ina kadi kweli, zitaonekana GPU mbili, GPU 0 na GPU 1, na ile ya kadi itaonyesha kumbukumbu yake maalumu, tuseme 4.0 GB. Ikionekana moja tu, na ni ya Intel, mazungumzo ya kadi yameishia hapo, na bei nayo ishuke.

La tatu: kama umeamua kununua yenye kadi, zipe nafasi laptopu za kazi zilizotoka maofisini, kama ThinkPad za mfululizo wa P, Dell Precision na HP ZBook, kabla ya zile za michezo. Zinapoza vizuri zaidi kwa kazi ndefu, vioo vyake mara nyingi ni bora, na RAM inaongezeka. Laptopu za michezo za bei ya chini huwekewa fedha yote kwenye kadi na kioo kinaachwa duni.

Kioo! Hapa nakaa kidogo, maana ndipo wapiga picha wetu wanapoumia zaidi na hawajui. Kwenye karatasi za sifa utaona maneno 45% NTSC. Maana yake kioo kinaonyesha kama theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, ambazo ndizo rangi za kawaida za simu, mitandao na maabara nyingi za kuchapa. Unahariri ngozi ya bibi harusi ukidhani imekolea vizuri, kumbe kioo hakiwezi kuonyesha wekundu uliopo. Picha inatoka kwenye maabara uso umekuwa wa chungwa, na mama mkwe anauliza kulikoni. Kadi ya RTX haiwezi kuliponya hilo. Tafuta kioo cha IPS kilichoandikwa 100% sRGB, au 72% NTSC, ambayo kwa wingi wa rangi yanakaribiana. Ukikitazama kwa pembeni rangi zisigeuke. Na ukiwa kazini usikiwashe hadi mwisho, kwa sababu mwanga mkali wa kioo hukudanganya kwamba picha inang'aa, kisha inachapwa na kutoka nyeusi. Picha za watu wetu zina ngozi nyeusi kando ya shela nyeupe, na undani wote uko kwenye vivuli. Mtu asiyeviona vivuli vizuri ataviinua kupita kiasi, na kuviinua ndiko kunakozalisha chenga. Ningekuwa na fedha ya kutosha kitu kimoja tu, kati ya kadi na kioo, ningechukua kioo bila kusita.

Neno kuhusu programu. Si lazima kila mtu alipie Adobe. darktable ni ya bure, inahariri RAW kwa kina, na hutumia kadi ya grafiki kwa njia ya OpenCL. Ndani yake hata kadi ya kawaida husaidia waziwazi unapopunguza chenga, kwa kuwa hesabu zake ni nzito kwa prosesa. Kwa hiyo mwenye GTX 1650 anayetumia darktable anapata faida ambayo kwenye Denoise ya Adobe hangeipata kwa kiasi hicho. Chagua programu kwanza, kadi baadaye.

Wapo pia wanaopiga video ya harusi pamoja na picha. Wao wana haki ya kudai kadi, hasa wanaotumia DaVinci Resolve, ambayo inaitegemea grafiki tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Hata hivyo grafiki ya ndani ya Intel ina sehemu iitwayo Quick Sync inayofungua video za kamera kwa ustadi. Toka kizazi cha kumi na moja inafungua hata zile za HEVC za biti 10 na rangi za 4:2:2, ambazo kadi za NVIDIA hazikuweza mpaka zilipotoka za RTX 50 mwaka 2025. Kwa hiyo mwenye kazi ya video atafute mashine yenye vyote viwili, Intel kwa ndani na RTX kando yake, na akubali mzigo wa chaja.

Kabla ya kutoa fedha, jipime kwenye kompyuta unayotumia sasa. Fungua kile kidirisha cha utendaji nilichokitaja, kiache wazi pembeni, kisha fanya kazi yako ya kawaida. Kompyuta ikisuasua, tazama kipi kimefika juu. RAM ikiwa asilimia 90, tatizo ni RAM. Diski ikiwa 100, tatizo ni diski. Prosesa ikiwa juu huku GPU imetulia, kadi mpya haitakusaidia. GPU ikikaa 100 kwa dakika nyingi, na hilo linatokea kila wiki, basi hapo una sababu ya kweli ya kwenda kununua kadi.

Ukifika dukani, nenda na flashi yenye picha zako mwenyewe za RAW: tatu za juani na tatu za gizani. Weka Lightroom ya majaribio, ambayo ni ya siku saba bila malipo, au darktable. Hariri, toa picha, endesha Denoise kwenye moja ya zile za gizani, upime muda inaochukua. Chomoa chaja, urudie. Gusa sehemu ya juu ya kibodi usikie joto, sikiliza feni. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uliobaki. Muuzaji mwaminifu atakupa nusu saa hiyo. Mkikubaliana bei, risiti iandikwe aina kamili ya prosesa, jina la kadi na kumbukumbu yake kama ipo, RAM ni vipande vingapi, na siku ulizopewa za kuirudisha.